Tumbo Linalouma Kila Jumatatu

Mzazi akimleta mtoto anayelalamika tumbo, na vipimo vyote havionyeshi ugonjwa, swali langu la kwanza huwa: linauma siku gani? Likiuma Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, kisha likatulia likizo nzima, nauliza habari za shule: je, kuna wanaomwonea? Mtoto huyo hadanganyi. Hofu ya kila siku hukaza misuli, hukata usingizi na kuvuruga tumbo. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake kipo kwingine.

Watu wazima wengi, wakisikia mtoto anaonewa na wenzake, husema, "Hao wanataniana tu." Lakini katika utani, anayetaniwa naye hutania, na wote hucheka. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na anayeonewa kuzidiwa nguvu hata ashindwe kujitetea. Nguvu hiyo si lazima iwe ya misuli. Kundi la marafiki linatosha. Na simu imeongeza ukali. Matusi ya shuleni sasa humfuata mtoto mpaka kitandani.

Mwaka 2019 UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilieleza kuwa karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni ndani ya mwezi mmoja.

Jeraha ninaloliogopa zaidi ni mtoto kuanza kuamini anayoambiwa. Anayeitwa mjinga kila siku huacha kunyoosha mkono darasani. Alama zikishuka, anaona kumbe walisema kweli. Hapo ndipo sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi uliopitiliza hupata mlango, na kwa baadhi, mawazo ya kujidhuru. Uingereza, watafiti waliwafuatilia watu waliozaliwa mwaka 1958; walioonewa mara kwa mara utotoni walikuwa bado katika hatari kubwa zaidi ya sonona walipofika miaka 45. Kwa hiyo siikubali kauli ya "atakua, atasahau". Anayeonea naye asiachwe bila msaada, hasa yule ambaye mwenyewe anaonewa kwingine.

Msaada huanza kwa yule ambaye mtoto alimwambia kwanza. Usimwambie "jikaze" wala "mrudishie". Mwambie: "Nakuamini. Si kosa lako." Kisha nyamaza, usikilize. Usikimbilie nyumbani kwa anayemwonea kabla hamjakubaliana la kufanya, maana wengi hunyamaza wakihofia kuzidishiwa. Hifadhi ujumbe wa simu, andika tarehe, kisha nenda kwa mwalimu wa darasa au wa ushauri nasaha, na usipoona hatua, kwa mkuu wa shule. Huzuni, kujitenga au kukosa usingizi kukidumu wiki mbili, muone mwanasaikolojia, kituo cha afya au afisa ustawi wa jamii. Kenya, Tanzania na Uganda, namba 116 hupigwa bure kwa masuala ya watoto, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Ukihisi anawaza kufa, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari nyumbani, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.