Taekwondo: ngumi ya pointi moja ina kazi gani?

Wanaotoka kwenye ndondi wakija mazoezini huuliza swali moja: mbona hapa mikono inaning'inia? Jibu liko kwenye kanuni. Katika mapambano ya World Taekwondo, ndiyo yale ya Olimpiki, ngumi ya kifuani ni pointi 1. Teke la kifuani ni 2, la kichwani 3, na ukizunguka kwanza zinakuwa 4 na 5. Ngumi ya usoni ni marufuku. Tena teke la kifuani husomwa na vihisio vya kwenye soksi na hogu, ile kinga ya kifua, ilhali ngumi inategemea macho ya waamuzi wa pembeni, na mmoja peke yake hatoshi.

Kwa hesabu hiyo makocha wengi wameitupa mikono. Mimi siwaungi mkono.

Ngumi simfundishi mtu aokote pointi. Dollyo chagi, teke la kuzungusha, linadai nafasi: goti lipande, nyonga igeuke, ndipo mguu ufyatuke. Mpinzani akishapandisha goti, ingia hatua moja, mtie ngumi iliyonyooka katikati ya hogu. Teke lake linafia njiani, naye anayumba kwa mguu mmoja. Hapo ndipo utoe lako. Ile 1 ukipewa, shukuru. Unachowinda ni 2 zinazofuata. Itoke mkono wa nyuma, kisigino kikikanyaga kwa nguvu, ngumi imefungwa barabara. Ukisukuma tu, mwamuzi hakupi kitu.

Na mikono ya kukinga? Kinga kwa mfupa wa chini ya kiwiko, kamwe si kwa kiganja kilicho wazi. Vidole huvunjika hata ndani ya glovu.

Kinachonichekesha ni kwamba Taegeuk Il Jang, poomsae (mfululizo wa miondoko iliyopangwa, bila mpinzani) ya kwanza ya anayeanza, ina miondoko 18 na mateke mawili tu. Mwanafunzi anajifunza mikono wiki nenda wiki rudi, halafu siku ya kupigana anaisahau yote. Akienda kwa wenzetu wa ITF, shirikisho jingine la taekwondo, ambako ngumi ya usoni inaruhusiwa, atajua kwa nini mikono yao ya kukinga iko juu.

Hata hivyo nisiwadanganye. Rio 2016, fainali ya kilo 80, Cheick Cissé alikuwa nyuma ya Lutalo Muhammad wa Uingereza na saa iko ukingoni kabisa. Akazunguka, teke likatua kichwani, Côte d'Ivoire ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Hakuna ngumi ingeyafanya hayo. Kwa hiyo ukiwa nyuma kwa pointi 3 na sekunde zinayoyoma, ngumi ya nini? Tafuta kichwa.

Lakini raundi ikiwa bado mbichi, nataka kila teke la kwanza la mpinzani likutane na ngumi yako. Mazoezini mmoja apige dollyo chagi tu, mwenzake aruhusiwe ngumi tu, kisha wabadilishane.