Ukaguzi wa kituo cha watoto wadogo ni nini?

Sisi wa Pemba neno kukagua tunalijua kwenye karafuu. Unapeleka gunia kituoni, zinamwagwa, unaangaliwa ukavu, makonyo (vikonyo vyake) na mpeta (zilizopitiliza kuiva), kisha unapewa daraja. Ndiyo maana mzazi akisikia skuli ya maandalizi, yaani chekechea, ya shehiani kwake inakaguliwa, hudhani mwanawe atapimwa kama ameshajua kusoma. Sivyo. Kinachokaguliwa ni mahali na watu wazima: wamejiandaa vipi kumpokea mtoto, wanafanya naye nini, na nani wamemsahau.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliingiza maandalizi katika elimu ya lazima, na kukagua skuli ni kazi ya Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Elimu. Kwenye malezi na ulinzi kuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, na hapo ndipo Ustawi wa Jamii wanapoingia.

Mkaguzi anayeijua kazi yake hufika asubuhi, watoto wakiwa bado wanaletwa. Anaangalia nani anawapokea. Halafu anachuchumaa, na kwa kimo kile huonekana mengi: tundu la choo ni pana kwa miguu midogo, ndoo ya kunawia imewekwa juu ya meza, mtoto wa miaka minne haifikii. Jamvini anatafuta vifuu, kombe na vifuniko vya chupa. Vikiwa vimechakaa, watoto wanacheza. Vikiwa vimepangwa vizuri na vumbi juu yake, vilitolewa kwa ajili ya mgeni. Kwangu mimi vumbi lile lina ushahidi mkubwa kuliko andalio la somo lililoandikwa kwa kalamu mpya.

Kigumu zaidi ni kuwakagua wasiokuwepo. Uingereza, Ofsted, yaani ofisi ya huko ya kukagua skuli na huduma za watoto, walipokuwa wakikagua vituo vya watoto na familia, jambo moja kubwa walilolipima ni kama kituo kinazifikia familia zenye shida, si zile tu zinazokuja zenyewe. Kwetu swali hilo lina uzito wake. Yuko mtoto asiyetembea, anashinda ndani na bibi yake. Wako waliofuatana na mama zao kambini msimu wa karafuu, na wakirudi hakuna aliyewauliza. Rejista peke yake haiwaoni hawa. Mkaguzi akikaa na sheha, kiongozi wa shehia, wakahesabu watoto nyumba kwa nyumba, pengo linajitokeza, na mwalimu anaweza kusaidiwa kuliziba badala ya kulaumiwa.

Ndiyo sababu ukaguzi haupaswi kuishia kwenye faili. Mwalimu aambiwe siku ileile, kwa upole na bila kufichwa, kisha kamati ya skuli na wazazi wajue. Kwa hiyo mzazi ukienda kumchukua mwanao, usione haya kumuuliza mwalimu: ile ndoo, wamekwambieni nini? Itateremshwa lini?