Je, wajua watafiti wanapataje uhakika kwamba majibu ya dodoso yanaweza kujumlishwa?

Mwaka 1925 mwanasosholojia wa Marekani, Emory Bogardus, alichapisha dodoso la kupima Wamarekani walikuwa tayari kukaribiana kiasi gani na watu wa mataifa mengine. Ungemkubali mtu wa taifa fulani awe mkwe wako? Awe jirani? Mfanyakazi mwenzako? Raia wa nchi yako?

Maswali hayo yana ngazi. Aliyekubali ukwe anatarajiwa kukubali ujirani na uraia pia. Kwa hiyo ukiambiwa mtu ametoa "ndiyo" mbili tu, unaweza kubashiri ni kwa maswali yapi. Mwaka 1944 mwanasosholojia Louis Guttman alieleza skeli (kipimo cha maswali yaliyopangwa kwa ngazi) kamili ya aina hiyo, ambamo ngazi hairukwi kamwe. Anayesema "ndiyo" kwa swali gumu na "hapana" kwa jepesi amefanya kile kiitwacho kosa la Guttman.

Lakini wahojiwa huchoka, huelewa swali vingine, au huona haya. Mholanzi Robert Mokken alilizingatia hilo mwaka 1971. Yeye alitaka hasa jambo moja dogo: kadiri mtu alivyo na zaidi ya kile kinachopimwa, uwezekano wake wa kusema "ndiyo" usipungue. Uwezekano huo upande kwa umbo gani, hakuweka fomula. Ndiyo maana njia yake huitwa isiyo ya parametriki, na kwangu huo ndio uzuri wake: haimlazimishi binadamu kufuata mchoro uliochorwa kabla hajaulizwa.

Makosa hupimwa kwa kigawo H, kilichotokana na kazi ya mwanasaikolojia Jane Loevinger. Tuseme kati ya watu 100, 60 wamekubali ujirani na 30 wamekubali ukwe. Kama majibu hayo mawili hayahusiani kabisa, tungetarajia watu 12 (asilimia 30 ya wale 40 waliokataa ujirani) wakubali ukwe huku wakikataa ujirani. Tukikuta 3 tu, H ni 1 toa 3/12, yaani 0.75. Kwa desturi, chini ya 0.3 hakuna skeli ya kutegemewa; kuanzia 0.5 skeli ni imara. Kila swali pia hupewa H yake, na lililo dhaifu huondolewa.

Hata H ikiwa kubwa, alama za mtu, yaani jumla ya "ndiyo" zake, zinapanga watu kwa mfuatano tu. Mwenye alama 4 yuko juu ya mwenye 2, ila hatuwezi kusema ana ukarimu maradufu.