Je, wajua kwa nini mkaguzi huiinamisha meli ya abiria kwa makusudi?

Msafiri wa Unguja au Pemba akiambiwa kwamba meli imekaguliwa, aghalabu hufikiria majaketi okozi, vizimamoto na injini. Vyote hivyo hukaguliwa kweli, lakini kipo kipimo kingine kisichoonekana na abiria, ambacho bila hicho idadi ya watu inayoandikwa kwenye cheti ingekuwa ya kubahatisha tu.

Meli inapoinama, maji huisukuma juu zaidi kwenye upande uliozama na hivyo kuirudisha wima. Nguvu hiyo hupungua kadiri kitovu cha uzito wa chombo, yaani nukta ambayo uzito wote huhesabiwa kuwa umekusanyika hapo, kinavyopanda juu. Michoro ya mjenzi haitoshi kukionyesha kitovu hicho, maana nyaya, viti, rangi na mabati huongeza uzito mahali ambapo mchoraji hakuupigia hesabu. Kwa hiyo meli huwekwa kwenye maji matulivu, kamba za gatini zikalegezwa, na matangi yakajazwa pomoni au kukaushwa kabisa, kwa kuwa maji yanayochezacheza ndani ya tangi huharibu kipimo. Kisha vyuma vya uzito unaojulikana huhamishwa sitahani kutoka upande mmoja hadi mwingine ili meli iiname kidogo. Ndani ya meli huning'inizwa timazi ndefu, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, kitu hicho kikiwa kimezamishwa kwenye beseni la maji au mafuta ili timazi isiyumbe, na mkaguzi husoma kwenye rula imesogea milimita ngapi. Hapo hakuna anayeruhusiwa kutembeatembea. Kwa vifaa hivyo sahili, ambavyo hata fundi mwashi angevitambua, kitovu cha uzito hupatikana.

Baada ya hapo ndipo abiria huongezwa kwenye hesabu. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari hukadiria kila mtu kuwa na kilo 75, tena hudhani kwamba watu watasongamana upande mmoja, wanne katika kila mita ya mraba, kama wafanyavyo gati linapokaribia. Hata hapo, meli haipaswi kuinama zaidi ya nyuzi 10.

Hesabu hiyo hukoma kuwa na maana pale idadi inapopuuzwa. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, kiliruhusiwa kubeba abiria 101, lakini waliofariki peke yao walikuwa 228.

Hesabu hiyo huharibika pia kimyakimya, mwenye meli anapoongeza paa, viti vya daraja la juu au jenereta sitahani. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini hudai meli ya abiria ipimwe uzito wake ikiwa tupu angalau kila baada ya miaka 5, na uzito ukipishana na ule wa awali kwa zaidi ya asilimia 2, timazi huning'inizwa upya. Mkataba huo ni wa safari za kimataifa. Vyombo vya safari za ndani husimamiwa na sheria za nchi, chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar.