Ukuzaji wa tishu haugeuzi mmea

Ukuzaji wa tishu ni njia ya kuotesha mmea mzima kutokana na kipande kidogo cha mmea mwingine, kikiwa ndani ya chupa isiyo na vijidudu, juu ya chakula kilichopimwa. Si jambo la jana: mtaalamu wa mimea Mfaransa, Georges Morel, alizizalisha okidi kwa njia hii mnamo 1960, na chakula kinachotumika hadi leo katika maabara nyingi kilibuniwa na Toshio Murashige na Folke Skoog mwaka 1962. Hata hivyo, hapa Malindi si ajabu kumsikia muuza miche akimwapia mteja kwamba ua lake si la tishu bali ni la Mungu, wala si ajabu kumsikia msomi akitangaza kwamba ua fulani lililokuwa likitoweka sasa limeokolewa na maabara. Wa kwanza anaogopa na wa pili anajivuna, lakini wote wawili wanadhani kwamba chupani mmea huongezewa kitu.

Mfano tunao humu humu Kaunti ya Kilifi. Saintpaulia rupicola ni ua dogo la rangi ya samawati lenye majani ya manyoya, linaloota kivulini kwenye nyufa za miamba ya chokaa, kama ile ya Cha Simba upande wa Kaloleni, na liko hatarini kutoweka. Mtaalamu akitaka kuliongeza huchukua jani, hulisafisha kwa maji yenye klorini, hulisuuza, kisha hulikata vipande vidogo na kuvilaza juu ya agari, yaani jeli ya mwani, iliyotiwa chumvi za madini, sukari, vitamini na homoni mbili, oksini na saitokinini. Saitokinini ikizidi, kingo za kipande hufura na kutoa vichipukizi vya kijani. Oksini ikizidi, hutoka mizizi. Homoni hizo mmea hujitengenezea wenyewe hata ukiwa mwambani, na jeni, yaani chembe za urithi, zilizomo katika chipukizi ni zile zile za jani.

Kubadilisha jeni ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu huko jeni hupachikwa au huhaririwa ndani ya seli. Nakiri kwamba mkanganyiko una chanzo chake: seli iliyobadilishwa nayo hukuzwa chupani hadi iwe mmea, ndiyo maana watu wakiiona chupa hudhani wameliona badiliko. Lakini anayepanda kipande cha shina la muhogo, au anayehamisha chipukizi la mgomba, naye anapanda nakala ya mmea mama, na hakuna anayemwogopa. Tena muhogo wa shina unaweza kubeba virusi vya michirizi ya kahawia kutoka shamba hadi shamba, ilhali ncha changa iliyokuzwa maabara inaweza kusafishwa virusi hivyo.

Kwa kuwa hakuna kinachoongezwa, majivuno ya yule msomi nayo hayana msingi. Miche elfu moja iliyotoka katika jani moja ni mmea mmoja uliogawanywa katika vyungu elfu moja, na ugonjwa unaoweza kuuua mmoja unaweza kuiua yote. Tofauti za urithi zinazouwezesha mmea kustahimili ukame au ukungu hutokana na chavua na mbegu, au walau na kukusanya majani kutoka mimea mama mingi na kuandika kila chupa asili yake. Ndugu za ua hili kutoka Tanga na Usambara, ambazo ofisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alizipeleka Ujerumani mwaka 1892, leo zimejaa madirishani Ulaya na Marekani, na bado jamaa zake wa porini wako hatarini, kwa kuwa chungu cha dirishani hakirudishi mti wa kivuli uliokatwa juu ya mwamba.

Muuza miche, basi, hana haja ya kuapa. Mteja wake akitaka kuuliza kitu, aulize kama mche umezoeshwa hewa ya nje, maana mche unaotoka chupani una ngozi laini isiyozuia maji yake kutoka na hunyauka upesi ukipigwa na jua. Naye mtangazaji wa uokoaji aseme tu kwamba ua limeongezwa idadi, kisha atueleze miche hiyo imetoka kwa mama wangapi, na itapandwa wapi.