Bastola kwenye mita 50: kosa dogo la mkono linavyokua njiani

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, dada ambaye kwenye mita 7 huweka risasi zake zote ndani ya eneo la kiganja, alihamia mita 25 kwa mara ya kwanza. Alipiga risasi kumi. Karatasini tukakuta matundu manne tu, yote chini kushoto. Akanigeukia: "Mwalimu, hii bastola inapiga chini."

Nikamwomba magazini. Nikampa mgongo, nikaipakia upya nikichanganya risasi za kweli na tatu za bandia, zile za plastiki zisizo na baruti, wala sikumwambia zimekaa wapi. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa ya bandia: hapakuwa na mlio wowote, ila mdomo wa mtutu uliinama kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye daladala. Akauona kwa macho yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni mimi."

Kosa lile alikuwa nalo tangu mita 7, ila kule halikumgharimu kitu. Chukua bastola ya kawaida ya milimita 9, ambayo kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ina sentimita 16 na nusu hivi. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu ndani ya mkato wa kile cha nyuma, kwenye mita 7 risasi itakosea kwa sentimita 4, na hakuna atakayekusema. Kwenye mita 25 kosa lilelile ni sentimita 15. Kwenye mita 50 ni sentimita 30, yaani umeikosa kabisa shabaha uliyokuwa unaiona vizuri. Sasa linganisha na mkono unaoyumba wote kwa pamoja, vilengeo vikiwa vimebaki sawasawa: ukihama sentimita 1 kulia, risasi nayo inahama sentimita 1 kulia, iwe mita 7 au 50. Kuyumba kwa mkono hakutuangushi sana. Kinachotuangusha ni pembe, na pembe huharibiwa na kidole na kifundo cha mkono katika ile nukta ya mwisho ya kuvuta triga.

Ndiyo maana siwahurumii wanaosema risasi "inaanguka" njiani. Inaanguka, ni kweli. Lakini bastola ya milimita 9 iliyorekebishwa kupiga katikati kwenye mita 25, ikifika mita 50 hushuka sentimita chache tu chini ya pale ulipolenga. Risasi zako zikiwa nusu mita chini, usiusingizie mvuto wa dunia.

Wanaojua kazi hii kuliko sote ni wale wa bastola ya mita 50, mchezo uliokuwemo kwenye Olimpiki mpaka Rio 2016, kisha ukaondolewa. Walipiga kwa mkono mmoja, risasi ndogo za .22, bila kuegemea popote. Duara jeusi la karatasi yao lina kipenyo cha sentimita 20, na kumi, yaani duara dogo la katikati lenye pointi kumi, ina sentimita 5. Karatasi hiyohiyo hutumika kwenye mita 25 kwa kulenga taratibu, kwa hiyo ukiwa na rundo la karatasi hizo unaweza kujipima mwenyewe: kitu kilekile, umbali mara mbili. Mwaka 1980 huko Moscow, Alexander Melentiev wa Muungano wa Sovieti alipata pointi 581 kati ya 600. Rekodi ile ilikaa miaka 34, hadi Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipofikisha 583 mjini Granada mwaka 2014.

Huyo Jin ndiye ninayewasimulia wanafunzi wangu kila mara. Alikuwa ameshatwaa dhahabu ya mita 50 Beijing 2008 na London 2012. Kwenye fainali ya Rio akapiga risasi ya pointi 6.6, ambayo kwa kiwango kile ni msiba. Alibaki palepale, akarudi kwenye utaratibu wake risasi moja baada ya nyingine, akamaliza na pointi 193.7 na dhahabu ya tatu mfululizo. Hakuna ujanja mpya unaoweza kubuniwa katikati ya fainali. Mtu huangukia kwenye kile alichokirudia maelfu ya mara.

Na sehemu kubwa ya kurudia huko haihitaji risasi hata moja. Mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bastola ikiwa tupu, ndiyo shule yenyewe. Nyumbani, toa magazini, fungua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, itazame, iguse kwa kidole, kisha itazame tena. Risasi zote zikae chumba kingine. Elekea ukuta imara ambao nyuma yake hapiti mtu. (Kama bastola yako ni ya .22, tumia risasi za bandia, maana nyingi za aina hiyo huumia pini, ile inayogonga risasi, zikifyatuliwa tupu.) Bandika karatasi nyeupe isiyo na alama yoyote. Hakuna pa kulenga, kwa hiyo jicho halina pa kukimbilia: linabaki kwenye kilengeo cha mbele, na hapo unaona wazi kinachokipata triga inapoachia. Kikiruka, umevuta kwa mkono mzima. Kikibaki kimetulia kama kilivyokuwa, umevuta kwa kidole. Dakika 15 kila jioni zinanitosha, na ningekuwa na pesa ya sanduku moja la risasi kwa mwezi bado ningechagua njia hii.

Ukirudi renji, uwanja wa kulengea, mambo mawili yatakusumbua. La kwanza ni jicho. Kwenye mita 50 shabaha inaonekana ndogo, na jicho linatamani kuifuata. Likiifuata, vilengeo vinafifia na pembe inaharibika bila wewe kujua. Iache shabaha iwe na ukungu. Kilengeo cha mbele ndicho kiwe kikali, kingo zake zikionekana kama zimekatwa kwa wembe. Mwanga nao una maneno yake: saa saba mchana jua likiwaka kwenye chuma, upande mmoja wa kilengeo unang'aa na jicho linadanganyika. Wazee walikuwa wanakipaka masizi, na mimi hadi leo nina koroboi ndani ya sanduku la vifaa. Nakipitisha kilengeo juu ya moshi wake, bastola ikiwa tupu na mezani pasipo baruti, mpaka kinakuwa cheusi tii kisichorudisha mwanga.

La pili ni kuotea. Kilengeo kinatangatanga juu ya duara jeusi, mlengaji anasubiri kipite katikati, kisha anaiwahi kumi kwa kuikwapua triga. Hiyo kumi haipatikani. Kubali kutangatanga, endelea kubana triga polepole, risasi iondoke yenyewe ndani ya eneo lile. Na kama sekunde nane zimepita haijaondoka, shusha mkono. Hewa mwilini imeshapungua, jicho limechoka, na chochote utakachopiga sasa kitakuwa cha haraka. Kwangu kushusha mkono ni ufundi kamili, tena wenye thamani kuliko kupiga.

Weka pia daftari. Kila baada ya mlio, kabla ya kugusa darubini, andika risasi unadhani imeingia wapi. Kisha tazama. Siku utabiri wako na tundu vitakapoanza kukaribiana, utakuwa unaona kilengeo wakati risasi inaondoka, badala ya kufumba macho.

Dada yule amefanya mazoezi makavu kwa wiki tano. Jumamosi alisimama tena kwenye mita 25. Alinyanyua, akashusha. Akanyanyua tena, akashusha. Jamaa wa njia ya jirani alishamaliza magazini mbili. Kwa dakika 12 yeye alipiga risasi tano, na kila moja akaniambia kwanza ilipoingia: "Juu kidogo. Katikati. Katikati. Kulia, nimeikaza hiyo. Katikati." Tukaenda pamoja kuitazama karatasi. Zote tano zilikuwa ndani ya jeusi, na ile ya kulia ilikuwa kulia.

"Mita 50 lini, mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia alete daftari lenye kurasa kumi za namna hii.