Ulimwengu si baragumu la Kiyama: ufafanuzi kwa wanaosambaza mabango ya aya na sayansi

Malalamiko kuhusu mabango na video zinazochanganya aya za Qur'ani na habari za anga yameongezeka katika kitengo chetu cha falaki. Lililozua mjadala zaidi ni lile linalodai wanasayansi wamegundua kwamba ulimwengu una umbo la baragumu, na kwamba ndilo litakalopulizwa Siku ya Kiyama. Wengi wanaolisambaza wana nia njema, wanataka kudhihirisha utukufu wa Kitabu. Tunaiheshimu nia hiyo, ndiyo maana tunajibu hadharani.

Dai hilo lina chanzo cha kweli. Mwaka 2004, Frank Steiner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, walipendekeza kuwa huenda ulimwengu umerefuka kama pembe, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Walitaka kueleza jambo moja mahususi: katika ramani ya mionzi masalia (mwanga wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga) iliyopimwa na chombo cha anga cha WMAP, tofauti za joto kati ya sehemu za anga zilizo mbalimbali sana zilikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka mmoja kabla yao, Jean-Pierre Luminet na wenzake walikuwa wamelieleza jambo hilohilo kwa umbo jingine kabisa, lenye nyuso 12, kila uso ukiwa na pembe tano. Kipimo kimoja, maumbo mawili yasiyofanana. La Luminet halijatengenezewa bango kwa sababu hakuna aliyedhani kuna aya inayolifanana. Huko ni kuchagua sayansi kwa kuangalia sura yake, na utafiti haufanywi hivyo.

Kisha chombo cha anga cha Planck, kilichorushwa mwaka 2009, kilitoa ramani safi zaidi ya mionzi hiyo. Watafiti walitafuta ndani yake alama ambazo maumbo ya aina hii yangepaswa kuziacha, na hawakuziona. Matokeo ya mwaka 2018, yakiunganishwa na vipimo vingine, yanaonyesha kuwa mpindo wa anga ni sifuri au karibu sana na sifuri, kwa kiwango cha shaka cha takriban 0.2 kwa mia. Kwa lugha ya wanafalaki, ulimwengu ni bapa.

Hapo likazuka kundi la pili, linalotuandikia kwamba sasa sayansi imekiri dunia ni bapa. Hili tunaomba liishe. Ubapa unaozungumzwa hapa ni wa anga lote: ukichora pembetatu kubwa mno inayounganisha galaksi zilizo mbali, jumla ya pembe zake ni digrii 180. Hauhusu kabisa sayari tunayoikanyaga, ambayo ni tufe, na wanazuoni Ibn Hazm na Ibn Taymiyya walishaliandika hilo karne nyingi zilizopita. Tena kipimo chenyewe kina mipaka. Tunaona hadi umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 46 kila upande, na vipimo vyetu haviendi zaidi ya hapo.

Turudi kwenye maandiko. Az-Zumar 68 inasema litapulizwa baragumu, wazimie waliomo mbinguni na ardhini ila amtakaye Mwenyezi Mungu. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamtaja malaika aliyekwisha kuliweka mdomoni, akingoja kuamrishwa. Kwa hiyo anayedai baragumu ndilo ulimwengu hajaisoma aya hadi mwisho wala hadithi inayoifafanua. Al-Anbiyaa 104, inayozungumzia kukunjwa kwa mbingu kama karatasi, inaeleza uwezo wa Mola na ahadi ya kurejesha uumbaji, wala haitoi kipimo cha mpindo. Adh-Dhaariyaat 47, ambayo wengi huisoma kuwa inasema mbingu inatanuliwa, hutajwa sana tangu Edwin Hubble alipochapisha mwaka 1929 ushahidi kwamba galaksi zinaachana. Lakini mfasiri wa kale Tabari aliifasiri kwa maana ya uwezo na wasaa. Mfasiri mwingine, Ibn Kathir, alisema pande za mbingu zimepanuliwa na kuinuliwa bila nguzo. Muumini akifurahi kuona aya inaafikiana na uchunguzi, hana kosa. Aseme "inaafikiana", asiseme "imethibitishwa".

Tunasisitiza hivi kwa sababu jambo hili lina historia. Kuna waandishi wa zamani waliozifasiri mbingu saba kuwa ni matabaka ya sayari ya Ptolemy, mwanafalaki wa kale aliyeiweka dunia katikati ya ulimwengu. Matabaka hayo yalipokataliwa, aya zilibaki salama, ila tafsiri zao zilianguka. Mwanazuoni Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alionya kwamba anayeitetea dini kwa njia isiyo yake huidhuru kuliko anayeishambulia. Na jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), mwaka 632 kwa hesabu za falaki, watu walisema limepatwa kwa msiba huo. Mtume alikataa waziwazi: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Dai lile lingemtukuza mwanawe mwenyewe, na bado hakuliacha lipite.

Anayetaka bango au mhadhara wake ukaguliwe alete maandishi, si picha, kwa kuwa aya iliyo ndani ya picha hatuwezi kuilinganisha na msahafu neno kwa neno. Aandike jina la sura na namba ya aya, matini kamili ya Kiarabu bila kukata katikati, tafsiri aliyoitumia, na angalau mfasiri mmoja wa zamani. Dai la sayansi liwe na majina ya watafiti, mwaka, walichopima na walichokisia, kila kimoja mahali pake. Wakaguzi ni wawili, wa tafsiri na wa falaki. Mmoja akikataa, andiko halipiti, hata mwenzake akiwa ameshasaini. Hadithi isiyo na mpokezi hurudishwa bila kusomwa, maana adhabu ya anayemzulia Mtume makusudi imetajwa katika hadithi mutawatiri, yaani iliyopokewa kwa njia nyingi mno, nayo ni Moto. Andiko likibadilishwa baada ya kupitishwa, idhini hufutwa, na mwandishi hutakiwa kuchapisha sahihisho palepale alipochapisha kosa. Akirudia, hatupokei kazi yake mpaka ahudhurie mafunzo.

Aliyekwisha kulituma bango la baragumu asilifute kimyakimya. Atume sahihisho katika makundi yaleyale, akitaja Az-Zumar 68 na hadithi ya Tirmidhi, kwa sababu waliolipokea kwake wanaendelea kulituma.